Mwaka mmoja wa kufundisha wanangu nyumbani, na kanzu iliyogeuka nyekundu

Jumatatu ya wiki hii mkubwa wangu alifanya intavyuu ya kuingia darasa la kwanza na kapita. Naanza na hilo kwa sababu nimelibeba kifuani siku nne nzima, baba watoto keshachoka kulisikia, sasa zamu yenu.

Halafu juzi usiku dada mmoja akanitumia meseji, kaniruhusu niiweke hapa: "Dada naona watoto wako kila siku wapo kwenye matope na rangi, mimi wangu ana miaka minne nataka nianze kumfundisha mwenyewe nyumbani ila sina vifaa na sijui nianzie wapi." Nikaanza kumjibu, ikawa ndefu, nikafuta, nikaandika tena ikawa ndefu zaidi. Basi nikaja huku.

Kwanza tuelewane, mimi nilimfundisha nyumbani kabla ya darasa la kwanza. Elimu ya msingi ni lazima kisheria na sina ugomvi na shule, msije mkanitafutia kesi. Ugomvi wangu ni na kiti kimoja kidogo cha plastiki.

Hicho kiti nilikalishwa mwaka jana mwezi wa tatu, kwenye chekechea aliyokuwa anasoma, sitaitaja. Magoti yamenifika kidevuni, mtoto kasimama pembeni yangu kashika begi, mwalimu kafungua daftari akaniambia, "Mama, huyu ni mzito. Wenzake wanaandika mpaka 20, yeye anachora tu." Kaniambia mbele yake, jamani, mtoto wa miaka mitano anasikia! Nikaangalia daftari, kurasa zote mikasi nyekundu tupu, lakini pembeni ya ukurasa kulikuwa na daladala ndogo ndogo zimepangana foleni, na moja ina konda ananing'inia mlangoni, mkono mmoja ndani, mmoja nje, vidole vyote vitano vipo. Hakuna aliyeziona. Mwalimu aliona zile 3 zilizogeuka nyuma.

Njiani kurudi Mbagala mtoto akaniuliza, "Mama, mzito ni kama gunia?" Sikumjibu. Kesho yake sikumpeleka, na ada ya muhula ikabaki hukohuko.

Sasa msije mkadhani nilianza kama malaika. Miezi miwili ya kwanza niliharibu vibaya sana na hili ndilo nataka dada yangu alisome vizuri. Niliingia YouTube, nikaingia Pinterest, nikaona vyumba vya watoto wa Wazungu vina rafu nyeupe na vikapu, nikaenda Kariakoo nikanunua manila za rangi zote, gundi, makapeni, karatasi za kumetameta, hela niliyotumia baba watoto mpaka leo namdanganya. Nikasema mwezi huu somo letu ni bahari. Usiku watoto wamelala mimi nipo sebuleni nakata maboksi, natengeneza jahazi, mpaka saa saba, tanga la kitambaa, kamba, na nahodha wa kijiti kavaa kofia. Nikapiga picha, nikaweka stetasi. Watu wakanimiminia sifa, mama bora, una kipaji, watoto wako wana bahati.

Asubuhi mkubwa akaamka, akaliona, macho yakamtoka, akanyoosha mkono. Nikasema usiguse utaliharibu.

Nilisema hivyo mwenyewe kwa mdomo wangu. Akatoka zake nje, baada ya saa nzima namkuta uani kachukua kumbi la nazi, kachomeka kijiti, kapachika jani la mkungu, kaliweka kwenye beseni la nguo anapuliza, na mdogo wake wa miaka mitatu ndiye upepo wa upande wa pili. Jahazi langu la saa saba usiku lipo juu ya kabati linapigwa vumbi. Nililiangalia nikaona aibu ile ya kukamatwa.

Wiki hiyohiyo mama yangu akafika kutoka Lindi na kiroba chake cha mbaazi. Akakaa siku mbili anatazama tu, hasemi kitu. Siku ya tatu akauliza, "Mwanangu, hii shule ni ya watoto au ni yako?" Basi. Mama yangu akisema anasema mara moja.

Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa kweli. Alikuja na miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, akakaa kwenye mkeka na mkubwa, hakumwelekeza kitu, alisuka ukili wake taratibu mtoto akamkodolea macho, akampa vipande vinne. Ukili wa kwanza ulitoka mfupi umepinda kama mkia wa mjusi kafiri. Bibi mtu hakuufumua aunyooshe, mimi mkono ulikuwa unaniwasha niufumue. Akaufunga kwenye ufunguo wake wa sanduku la nguo na upo mpaka leo. Ule mkono wa mtoto ambao ulikuwa haushiki penseli ukashinda kutwa nzima unasuka, juu, chini, juu, chini.

Sasa kanzu.

Tulikuwa kwenye mwezi wa rangi, na somo lilikuwa rangi zinatoka wapi. Sikununua hata kopo moja. Mkaa tukausaga, bitiruti tukaikuna, hina alitoa bibi, na manjano ya jikoni nikakoroga na maji kidogo ikawa rojo. Alhamisi jioni, kanzu nyeupe ya Ijumaa ya baba watoto imeshapigwa pasi ipo juu ya kiti, na mdogo akajifuta mikono. Vidole kumi, mbele, kwenye kifua.

Nikaikimbiza kwenye beseni nikaipaka sabuni ya kipande nikaanza kufikicha, na ile manjano ikageuka nyekundu. Nyekundu ya damu kabisa! Nikapiga ukelele, mkubwa akaja mbio, akachungulia, akasema, "Mama, kanzu inatoka damu." Nikasuuza kwa maji mengi, ikarudi njano. Nikapaka sabuni, nyekundu. Mimi nalia kimoyomoyo, yeye anasema tena mama, fanya tena.

Kumbe ndivyo manjano ilivyo, ikikutana na kitu kama sabuni au magadi inakuwa nyekundu, ukiweka ndimu inarudi njano. Mimi nimepika na manjano maisha yangu yote sikuwahi kujua. Siku zilizofuata hatukufanya kitu kingine. Tulipaka karatasi nzima manjano tukaianika ikauke, halafu mkubwa anachukua kijiti kina pamba, anachovya kwenye maji ya sabuni, anaandika, na herufi zinatokea nyekundu zenyewe kama uchawi. Ile 3 yake iliyokuwa inaangalia nyuma akaiona mwenyewe, akaifuta kwa ndimu, akaandika upya. Sikumwambia kitu, nilikuwa nachambua mchele. Ijumaa ya pili akaandika jina lake lote, na mdogo akadai la kwake, na bibi akadai la kwake, ukuta wa jikoni ukajaa majina mekundu.

Baba watoto ile Ijumaa aliswali na kanzu yake ya kahawia ya zamani, alininunia mpaka Jumapili. Ile nyeupe niliianika juani siku kama tano mfululizo, doa likapauka likaisha, jua linaila manjano taratibu. Hiyo ndiyo tipu yangu ya kwanza na huenda ndiyo ya maana kuliko zote, ficheni nguo nyeupe.

Tipu ya pili, usinunue vitu. Bamia moja ikatwe kwa upana, ina nyota ya vyumba vitano, ichovye kwenye rangi gonga kwenye karatasi, una muhuri. Wangu alijifunza kuhesabu tano, kumi, kumi na tano kwa mihuri ya bamia, anahesabu vyumba. Kuna bamia moja ilikuja na vyumba sita akaikataa, akasema hii imedanganya.

Tipu ya tatu, kaeni na jambo moja wiki tatu, nne, mpaka mtoto mwenyewe alichoke. Watu wengi wanafanya Jumatatu maua, Jumanne samaki, Jumatano ndege, mtoto hajaanza kuuliza swali umeshamhamisha.

Miezi ya katikati sina la kuhadithia, mafua, umeme, mdogo kaumwa tumbo, mimi nina tenda ya vitumbua asubuhi, kuna wiki tuligonga bamia tu.

Ila mwezi wa mjusi lazima niusimulie. Bibi ndiye aliyeuanzisha, alikuwa anawaambia habari za Tendaguru, kule kwetu Lindi, kwamba Wajerumani walikuja wakachimba mifupa ya mjusi mkubwa kuliko nyumba. Mkubwa akasema bibi anatania. Tukatafuta kwenye simu. Ni kweli, walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu anaitwa Boheti bin Amrani, mifupa ikabebwa vichwani na mabegani na watu wetu kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na yule mjusi, ndiyo dinosaria wenyewe, amesimama kwenye makumbusho Berlin mpaka leo, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Mtoto akauliza mita 13 ni wapi mpaka wapi.

Swali kama hilo usilijibu kwa mdomo! Nikafungua kamba ya kuanikia nguo, tukaipima kwa futi ya fundi cherehani, mita moja na nusu, tena, tena, akawa anaweka kijiwe kila tukipima. Kamba ikaanzia mlangoni kwetu ikapita kwa jirani wa kwanza ikaishia kwenye genge la mama wa pili. Akakaa chini kwenye mchanga. Akasema, "Sasa huyu alikuwa anakula nini?" Majani, nikamwambia. Akamtazama mbuzi wa jirani muda mrefu sana.

Tukamjenga kwenye mchanga wa uchochoro, amelala. Mgongo ni vifuu vya nazi, mbavu ni makuti, mifupa ya miguu ni ya supu tuliyochemsha tukaianika juu ya bati, ingawa paka mmoja aliondoka na paja. Watoto wa mtaa wakaja, wakubwa wa darasa la nne, wakawa wanamuuliza mwanangu kifuu hiki kinakaa wapi. Yeye ndiye anasema. Alihesabu vifuu 47 peke yake, akavirudia kwa nyuma. Mzito.

Samahani, lile neno bado halijanitoka.

Na hapa niwaambie ukweli mama wenzangu, sisi tunapenda watoto wetu waonekane kuliko tunavyopenda wajue. Tunashindanisha watoto kwenye magrupu kama kuku wa mnada, wangu anasoma, wangu anaongea Kiingereza, wangu kahitimu na joho la kukodi ana miaka sita. Ukimshikia mtoto brashi kazi itakuwa nzuri na ni yako. Weka mikono nyuma, kalia mikono yako ikibidi, mimi niliikalia kweli. Nilimtazama mdogo anapaka mti bluu, nimebana mdomo, halafu akaniambia ni mti wa usiku. Na simu iweke mbali, picha piga ikiisha, na kama hakutaka ipigwe acha. Wangu alikataa mjusi wake asiwekwe stetasi, nikanuna mimi mtu mzima, sikuweka.

Intavyuu yenyewe ilikuwa fupi. Walimpa karatasi wakamwambia achore nyumbani kwao, aandike jina, ahesabu vitu vya mezani. Mimi nipo dirishani. Nyumba ikaenda chini pembeni ndogo kama kibiriti, na karatasi yote iliyobaki ni shingo. Mwalimu akauliza hii nini, akaeleza, akaeleza, akafika mpaka Berlin, mwisho akaomba karatasi nyingine kwa sababu mkia haujaenea. Wakampa. Nilitamani kumkumbatia yule mwalimu wa watu.

Kwa hiyo dada yangu wa meseji, kesho anza na bamia na manjano, ni vya jikoni kwako tayari. Ukikwama niandikie.

Jana jioni nimekwenda gengeni kuchukua hizohizo bamia, mdogo kaanza mwezi wake wa rangi na anazimaliza, nikageuka nikakutana uso kwa uso na yule mwalimu wa chekechea. Hotuba yangu ninayo mwaka mzima, ina mwanzo na kati na mwisho, nimeifanyia mazoezi nikikaanga vitumbua. Akatabasamu, akasema, "Mama, za siku? Yule rafiki yangu hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikalipa bamia, nikaondoka, nikasahau chenji.