Re: Draiva inakata kushoto kabla ya mita 60, nichukue ipi?

Mkuu, salama? Umesema kwenye gofu ya diski unarusha Destroyer, draiva (diski ya kwenda mbali) ya gramu 175, kwa bekhendi (mkono ukianzia upande wa pili wa kifua) ya mkono wa kulia, na inakata kushoto kabla ya mita 60. Anza kwa kuangalia namba zake nne: 12, 5, -1, 3, yaani kasi, kuelea, kupinda mwanzoni na kukata mwishoni. Hiyo 12 ni kasi inayoidai mkononi mwako. Usipoifikia, ile 3 ya mwisho inaanza kazi mapema na kuivuta kushoto.

Iweke kando kwa sasa. Tafuta diski ya Leopard (6, 5, -2, 1) au Diamond ya kampuni ya Latitude 64 (8, 6, -3, 1), na kwenye uzito usilegeze kamba: chini ya gramu 160, ukipata ya 150 chukua. Bega langu halina nguvu, na Leopard nyepesi inanifikisha mbali kuliko draiva zote za kasi nilizojaribu. Ukingo wake ni mwembamba, vidole vinaufumbata bila kujikaza.

Upepo ukikujia usoni itapinduka kulia, hivyo siku hiyo rusha diski nzito ya masafa ya kati. Hujasema kama unarusha fohandi (kiganja kikitangulia mbele) pia. Kama ndiyo tuambie, maana huko mikato inageuka upande.