Barua kwa mwanangu: kwa nini watu wanasherehekea sikukuu za nchi ambayo hawajawahi kuiona

Marahaba mwanangu, sisi wazima kabisa.

Ile meseji yako nimeisoma nikarudia, nikaona nikijibu kwa voisi nitaruka mambo, bora nikae niandike. Umeniuliza kuhusu yule mwenzako wa kazini, Mmarekani ambaye babu wa babu yake ndo alitoka Ireland, yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga kule, lugha ya kule haijui, lakini kila tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick wa Ireland, anavaa kijani na anaomba ruhusa akaandamane. Ukauliza, sa huyu anasherehekea nini hasa? Afu mwishoni kabisa ukaweka lile ambalo mi naona ndo swali lenyewe: hawa watoto wako waliozaliwa huko, ukiwasherehekesha siku zetu, si unawadanganya?

Ningeweza kukujibu kwa mwacha asili ni mtumwa nikamaliza. Wengi wangekujibu hivyo. Ila hiyo haijibu ulichouliza, maana inakwambia tu kwamba ni vibaya kuacha, haikwambii watu wanashika nini. Na mi nimelifikiria sana hili, si unajua kwenye historia mi ndo napumzikia, nikaona hao watu wala hawasherehekei nchi. Wanasherehekea watu waliotoka kwenye hiyo nchi, na wanasherehekea kwamba wako pamoja pale walipo sasa hivi. Nchi yenyewe inaweza hata isijue.

Tuanze na huyo mwenzako. Wengi wanadhani yale maandamano ya Mtakatifu Patrick yalitoka Ireland yakaenda Marekani, kumbe yameanzia ugenini. New York waliandamana tangu 1762, na walioandamana ni wanajeshi wa Kiairishi waliokuwa kwenye jeshi la Mwingereza, yaani watu wako mbali na kwao wanamtumikia yuleyule anayeitawala nchi yao, ila siku hiyo moja wanatembea barabarani kama Wairishi na kila mtu anawaona. Dublin, mji mkuu wa Ireland, serikali imeanza kuandaa gwaride lake 1931! Kule kwao ilikuwa siku ya kanisani, siku ya utulivu, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 baa zilifungwa kisheria. Ile shangwe yote ya kijani unayoiona, na ule mto wa Chicago ambao wanautia rangi ya kijani tangu 1962, ni mambo ya walioondoka.

Na kwa nini yalikua hivyo? Kwa sababu ya njaa. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliharibu sehemu kubwa ya viazi Ireland, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Walifika Marekani maskini, wakatoliki kwenye nchi ya waprotestanti, wakakuta matangazo ya kazi yanayosema Mwairishi asiombe. Sa jiweke wewe pale, huna kitu, huna jina, kila mtu anakudharau, ila siku moja kwa mwaka mnajaa barabara nzima mpaka mwanasiasa aliyesimama pembeni anaanza kuhesabu kura. Maandamano yalikuwa na kazi. Leo Wamarekani zaidi ya milioni 30 wanasema wana asili ya Ireland, wakati jamhuri yenyewe ya Ireland ina watu milioni 5 na kidogo, na hakuna tena anayewafungia mlango wa kazi, lakini siku imebaki. Kwa hiyo mwenzako akivaa kijani, hata kama yeye hajui haya yote, anavaa kumbukumbu ya watu waliokataa kufichwa. Usimdharau hata kidogo.

Ukishaliona hilo kwa Wairishi utaanza kuliona kila mahali. Wamexico wa California na tarehe 5 Mei, watu wanadhani ni siku ya uhuru wa Mexico, wakati uhuru wao ni 16 Septemba. Tarehe 5 Mei 1862 jeshi la Mexico chini ya Jenerali Ignacio Zaragoza liliwapiga Wafaransa wa Napoleon wa Tatu pale Puebla. Habari ikafika California, na California ilikuwa ya Mexico mpaka 1848, kwa hiyo wengine pale hawakuhama kabisa, mpaka wa nchi ndo ulihamishwa juu yao wakajikuta wageni nyumbani. Na wakati huohuo Marekani iko kwenye vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, utumwa ubaki au uishe. Wale watu wakaona ni vita moja, kule mfalme wa kigeni, huku wenye watumwa, wakafurahia ushindi wa Puebla kama ushindi wao wa palepale California. Mpaka leo siku hiyo ina shangwe kubwa Marekani kuliko sehemu nyingi za Mexico ukiiondoa Puebla yenyewe.

Lakini ule mfano unaonigusa mimi kuliko yote ni wa London. Mwaka 1958, Agosti kuingia Septemba, vijana wa kizungu walikuwa wanawinda watu weusi kwenye mitaa ya Notting Hill, watu waliotoka visiwa vya Karibi kwenda kufanya kazi Uingereza, wanapigwa, nyumba zao zinavunjwa vioo usiku baada ya usiku. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, Marekani walishamfunga na kumfukuza kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti, akawa London anatoa gazeti la West Indian Gazette. Watu wamejeruhiwa, wanaogopa, wengine wanataka kulipiza, na yeye akaandaa kanivali! Januari 1959, ndani ya ukumbi wa St Pancras, kwa sababu nje ni baridi na kule Trinidad kanivali inafanyika kabla ya Kwaresima kwenye jua. Mi nikisoma habari za huyu mama huwa nasimama kidogo, maana mtu mwingine angesema huu si wakati wa kucheza. Yeye alijua watu wake wakicheza pamoja wakiwa wamependeza, wataacha kujiona vile wanavyotazamwa mtaani. Baadaye, 1966, wengine wakaanzisha tamasha la mtaani palepale Notting Hill, mambo yakaungana, na siku hizi inafanyika mwisho wa Agosti, mapumziko ya Waingereza, hali ya hewa nzuri. Angalia basi, tarehe imehama, Kwaresima haimo tena, na hakuna anayesema si yao. Bila 1958 sidhani kama London ingekuwa na kanivali ile.

Ulisema pia, lugha wameisahau, dini wengine wameacha, kwa nini siku tu ndo inabaki. Hapa nimejiuliza sana. Chukua hukohuko Trinidad, Wahindi waliopelekwa baada ya utumwa kufutwa, meli ya kwanza Fatel Razack ilifika 30 Mei 1845, watu wakaenda kulima miwa kwa mkataba. Lugha waliyokuja nayo wengi, Kibhojpuri, leo vijana wengi hawaiongei, lakini Divali ni sikukuu ya taifa zima na wasio Wahindi wanawasha taa pia. Lugha inataka kila siku mwanangu, inataka uongee na mama na dukani na shuleni, na shule ilikuwa ya Kiingereza. Siku inataka siku moja tu na mikono ya watu, unaifanya na mtoto mdogo anakuona, hahitaji kuelewa sentensi hata moja, anashika taa basi kashaingia. Nadhani ndo maana inapenya kizazi hadi kizazi wakati vingine vinakwama. Na usidhani waliachiwa kirahisi, mwaka 1884 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi watu kwenye maandamano ya Hosay, ya kumkumbuka Imam Hussein, watu wakafa. Hosay ipo mpaka leo.

Kuna mwanahistoria wa Marekani, Marcus Lee Hansen, aliandika mwaka 1938 kwamba kile ambacho mtoto wa mhamiaji anataka kukisahau, mjukuu anataka kukikumbuka. Nakuandikia hili kwa sababu ya wewe. Mtoto wa mhamiaji anakuwa kwenye vita, anataka afanane na wenzake, jina lake linamtia aibu shuleni, lafudhi ya wazazi inamkera. Mjukuu yeye tayari anafanana na wenzake, hana wasiwasi, ndo anapata nafasi ya kuuliza, sisi tumetokea wapi? Si kila familia inakwenda hivyo, zipo zinazosahau moja kwa moja, lakini nimeliona hilo mara nyingi kwa watu ninaowafahamu.

Na wapo ambao hata nchi ya kuitaja hawana, kwa sababu babu zao waliuzwa, majina yakafutwa. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts kule Los Angeles, Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani mweusi, akaanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya siku saba, 26 Desemba mpaka 1 Januari, kila siku na msingi wake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Najua kuna watu wetu wanawasema, eti hao wengi wao asili yao Afrika Magharibi, Kiswahili kinawahusu nini. Mi hiyo kauli siipendi kabisa. Mtu kanyang'anywa kijiji, kabila, jina, unamdai na risiti? Walichagua lugha ambayo haikuwa ya kabila moja ili isiwe na mwenyewe mmoja, wakatengeneza siku ya kukaa na watoto wao. Kama sikukuu ni ya nchi, basi wao wasingekuwa na haki nayo. Lakini kama ni ya watu waliotangulia, wanayo haki kuliko wengi wetu.

Haya, nisikufiche na upande mwingine. Waitaliano wa Marekani waliishika siku ya Columbus, yule baharia wa Kiitaliano aliyefika Amerika 1492, kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 1891 kundi la watu New Orleans lilivamia jela likaua Waitaliano 11, na mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison akatangaza maadhimisho ya miaka 400 ya Columbus, watu waliokuwa wanaitwa wahalifu wakaona kumbe na sisi tumo kwenye historia ya hii nchi. Naelewa kabisa kwa nini waliikumbatia. Lakini kwa wenyeji wa asili wa Marekani jina hilohilo ni mwanzo wa kunyang'anywa ardhi na kufa, na wao wamedai siku yao, miji mingi imebadilisha. Kwa hiyo siku yako inaweza kumuuma jirani, na akikwambia inamuuma inabidi umsikilize, hata kama babu yako aliilia machozi.

(Afu jua kwamba hii safari haiendi upande mmoja tu. Liberia wanayo siku ya Shukrani, Alhamisi ya kwanza ya Novemba, kwa sababu watu huru weusi waliotoka Marekani kwenda kuishi kule karne ya 19 waliondoka nayo. Nchi ya Afrika inasherehekea sikukuu ya Kimarekani ya wahenga wake!)

Sasa watoto wako. Unawadanganya? Utawadanganya ukiwaambia kwamba wao ni wa huku na si wa huko, au kwamba huku kila kitu kilikuwa kizuri. Wairishi hawakuondoka kwa sababu Ireland ilikuwa nzuri. Waambie kwa nini mliondoka, hata ile sababu isiyopendeza, waambie majina ya waliobaki. Afu fanyeni hiyo siku, na kama imeangukia Jumatano wako shule na wewe kazini, fanyeni Jumamosi, usijitese. Wakitaka kuifanya kwa namna yao, wakaweka na muziki wao, waache, usisimame kuwasahihisha kila kitu mpaka siku ikawa mtihani. Waalikeni na majirani, na mwenzako huyo wa kijani mwalike, na yeye akikualika Machi nenda.

Yule mkubwa akigoma, maana ameshafika umri wa kugoma, usimburute. Mwambie tu tupo sebuleni, aje akitaka. Mdogo najua atakuja mwenyewe kwa sababu ya kelele.

Na maswali yakikushinda, nipigie simu ukiwa nao, jioni za huku ndo nzuri. Mi nitawaeleza baba yako na mimi tulikutana vipi siku ya sikukuu, hiyo habari hata wewe hujaisikia yote.

Nawapenda sana. Msalimie mkwe wangu.

Mama