Namba za siku ya pili na neno ambalo halijanitoka

Juzi usiku dada mmoja wa Koboko aliniandikia kutoka India. Mumewe amepandikizwa ini, limetoka kwa mdogo wake wa kiume, na majibu ya damu ya siku ya pili yanaonyesha AST, namba inayopanda seli za ini zikiumia, imefika 1,140. "Dada, ini limekataa?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana swali hilo niliwahi kuletewa kitandani, mshono wangu ukiwa mbichi.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba mwaka 2022 nilimpa kaka yangu upande wa kulia wa ini langu, tukiwa Delhi. Homa ya ini B ilimla kimyakimya miaka mingi mpaka ini likasinyaa na macho yakawa ya manjano kama binzari. Habari za viza na michango ya ukoo naziacha. Kilichonitesa ni uzito. Kipimo kilionyesha ini langu lina mafuta, daktari akakataa kunipasua mpaka yapungue. Nilikuwa na kilo 86. Niliacha soda, nikaacha rolex za jioni (chapati iliyokunjwa na mayai) pale Arua Park, Kampala, nikatembea kila alfajiri kwa wiki tisa mpaka nikafika kilo 78. Kilo hizo nane najivunia kuliko shahada yangu.

Siku ya pili baada ya upasuaji, wifi aliingia wodini na karatasi ya maabara. Aliikunja, akaikunjua, akailaza juu ya shuka langu na kuweka kidole kwenye namba ya AST iliyopigiwa mstari: 960. Akasema, "Umempa mume wangu ini bovu." Sikumjibu. Kidonda kilipona, neno lile bado.

Jioni daktari alinichorea nyuma ya karatasi ileile. Ini likikatwa halipati damu, kwa hiyo halipati oksijeni. Seli zinaishiwa nguvu, pampu zake za kutoa chumvi zinasimama, maji yanaingia, zinavimba. Ndiyo maana linaoshwa kwa maji maalumu na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Baridi hupunguza kasi ya uharibifu tu. Tena damu inaporudi, nayo inajeruhi: oksijeni ya ghafla huzaa kemikali kali, na chembe za kinga hulivamia ini. Seli nyingine hupasuka na kumwaga vilivyomo, nyingine hujizima zenyewe taratibu. AST na ALT ni vimeng'enya vilivyokuwa ndani ya seli hizo. Ini lenye mafuta mengi huumia zaidi, na hapo ndipo nilipoelewa zile alfajiri zangu.

Kwa hiyo usitishwe na namba moja, fuata mwendo wake. Za kaka zilikuwa 960, kesho yake 610, kisha 280. Ulizeni pia: INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, inashuka? Nyongo inatoka? Namba za AST na ALT zikipanda tena baada ya kushuka, msisubiri: ombeni ateri ya ini ipimwe kwa ultrasaundi, maana damu ikiganda humo mirija ya nyongo inakufa, haina mlishaji mwingine. Kukataliwa kwa ini, yaani kinga ya mwili kulishambulia ini jipya, kwa kawaida huja siku au wiki kadhaa baadaye, na kipande kidogo cha ini kikipimwa ndipo hujulikana.

Ndugu zangu, pimeni homa ya ini B kabla macho hayajawa manjano. Watoto wetu Uganda wanachanjwa tangu 2002, sisi wakubwa wengi tulipitwa. Anayetaka kutoa ini apunguze mwili mapema, akisimamiwa na daktari. Aliyepokea anywe dawa zake kwa saa ileile kila siku, asiruke hata moja. Na enyi mnaosubiri kwenye korido, chungeni ndimi zenu. Aliyetoa ini naye ni mgonjwa.

Dada wa Koboko, namba za siku ya tatu zikitoka nitumie picha, hata saa nane usiku. Na leo hii mpelekee shemeji yako uji, ukae naye kidogo.