Sakafu inang'aa, mbona bwana afya kaandika kasoro?

Jiko letu la biashara limepigwa deki, vyombo vinameremeta. Alitaka nini zaidi?

Joto. Usafi wa macho ni nusu ya kazi. Kilichoandikwa aghalabu ni kile kilichosomwa kwenye kipimajoto katikati ya sufuria. Chakula cha moto kikae juu ya 60°C, cha baridi chini ya 5°C. Hapo kati bakteria huzaana. Kosa kubwa hufanyika wakati wa kufunga: sufuria nzima inatiwa kwenye friji. Pembeni inapoa, katikati inabaki vuguvugu hadi usiku wa manane. Kigaweni kwenye trei za kina kifupi, kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata.

Kipimajoto changu na chake vimepishana digrii 4. Kipi kinadanganya?

Barafu itaamua. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kiasi cha kuziba mianya, koroga, tumbukiza ncha bila kugusa kikombe. Namba ikitulia isome 0.

Aliyechukua sampuli ya maji alichoma mdomo wa bomba kwa moto, akanizuia kusuuza chupa. Kwa nini?

Moto unaua vijidudu vya bomba lenyewe, ili yapimwe maji tu. (La plastiki hufutwa kwa klorini, kisha maji huachwa yatiririke.) Chupa ilikuwa na thiosulfeti ya sodiamu, inayozima klorini. Ukiisuuza unaimwaga, klorini inaendelea kuua bakteria njiani, na majibu yanatoka mazuri kwa uongo. Sampuli husafiri kwenye boksi la barafu na kufika maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, zisizidi 24. E. koli, bakteria anayeashiria kinyesi, haitakiwi hata moja katika mililita 100.

Pipa la lita 200 litiwe klorini kiasi gani?

Kwa maji maangavu, mililita 8 za dawa ya asilimia 5: yaani miligramu 2 kwa lita. Subiri dakika 30, upime: ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ukikuta sifuri, tope limeila dawa, au dawa yenyewe imeisha nguvu kwa kukaa juani. Maji ya tope yatuame na kuchujwa kwanza. Kuongeza dawa juu ya tope ni kuipoteza.

Choo cha shimo kiwe mbali gani na kisima?

Angalau mita 30, upande wa mteremko ulio chini ya kisima, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, yakipimwa msimu wa mvua.