Kwa mhandisi wa Kisumu anayehofia kudharauliwa na mameneja wa Marekani

Ndugu yangu, unauliza iwapo mhandisi mgeni anaweza kupanda cheo Marekani, au atabaki kuandika programu huku wenyeji wakipewa uongozi. Kupanda kunawezekana: Satya Nadella, mzaliwa wa Hyderabad, ameiongoza Microsoft tangu 2014. Lakini hali ya mhandisi wa kawaida ni tofauti, kwa maana viza ya H-1B, yaani viza ya kazi ya muda kwa wageni wenye utaalamu, humfunga kwa mwajiri, na anayeachishwa kazi huwa na siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake ya uhamiaji au kuondoka. Ndiyo sababu wengi hunyamaza mbele ya meneja, naye huona kimya hicho kuwa upungufu wa uwezo wa kuongoza. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi, uliza kwa maandishi ni lini kampuni itaanza kukuombea ukaazi wa kudumu. (Hapo Mkenya ana nafuu kuliko Mhindi, ambaye foleni yake ni ndefu mno kwa kuwa raia wa nchi moja hawawezi kupata zaidi ya asilimia 7 ya viza za ukaazi huo zenye kikomo cha kila mwaka.) Ukishafika, usisubiri kuombwa maoni kama tulivyozoea mbele ya wakubwa huku kwetu, pinga pendekezo baya mkutanini kwa adabu na takwimu, kisha umtumie meneja hoja zako kwa barua pepe siku hiyo hiyo.