Mtoto ana urefu wa sentimita 118, kikomo cha kupanda treni ya kasi ya bustani ya michezo (roller coaster) ni 120: apande?

Hapana, hata kama baba yake atakaa naye na kumshika. Kikomo kinatokana na kiti chenyewe: magoti yakunjike ukingoni, mgongo uegemee nyuma, chuma cha kuzuia kitulie juu ya mapaja. Mfupi huteleza mbele miguu ikiwa imenyooka. Na kama chuma ni kimoja kwa wote wawili, hukomea kwenye mapaja ya baba huku kwa mtoto kukibaki uwazi. Treni ikivuka kilele na kuporomoka, mwili huinuka. Mkono wa mzazi hauwezi kumzuia.

Wahudumu, ugomvi na wazazi uzuieni mapema. Mpimeni mwanzoni mwa foleni, si baada ya saa nzima ya kusubiri, kisha mvisheni bangili ya karatasi yenye rangi. Mwenye shaka apimwe tena jukwaani. Visigino chini, mgongo kwenye nguzo ya kupimia, macho mbele, kofia ivuliwe, fundo la nywele libonyezwe. Viatu abaki navyo, ila kagueni ndani: soksi zilizokunjwa chini ya kisigino ni hila ya kawaida. Ubao wa kikomo ulio kwenye nguzo usipogusa kichwa, basi, hapandi.

Nguzo nazo zikaguliwe kwa futi kamba kabla ya kufungua. Zulia au sakafu yenye mteremko hutoa vipimo viwili kwa mtoto mmoja, na hapo mzazi akilalamika ana haki. Uongozi unaweza kupandisha kikomo cha mtengenezaji, lakini msimamizi wa zamu asikishushe hata kidogo.