Maswali na Majibu: Kuchora Duara Ukiwa na Mzingo Tu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatakiwa kuchora pete ya chuma itakayokumbatia nguzo ya mviringo. Nguzo yenyewe imekwisha kusimikwa, kwa hiyo siwezi kuifikia ncha yake nikapima kipenyo. Nimeizungushia tepu nikapata milimita 1,260. Amri ya duara katika AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchora michoro ya kiufundi, huniuliza nusu kipenyo au kipenyo, wala hainiulizi mzingo. Niligawanya 1,260 kwa 6.28 nikaandika 200.6, lakini nilipokagua mchoro nilikuta mzingo unasoma 1,260.41. Hiyo 0.41 imetoka wapi, na je, hakuna namna ya kuipa kompyuta mzingo wenyewe?

JIBU: Namna ipo, ila imefichwa mahali ambapo wengi hawapatazami. Chora duara lolote kwa amri ya CIRCLE, la ukubwa wowote, mradi kitovu kikae mahali pake. Kisha lichague na ubonyeze vitufe vya Ctrl na 1 ili paleti ya sifa ifunguke. Humo, chini ya nusu kipenyo na kipenyo, kuna kisanduku kilichoandikwa «Circumference», nacho si cha kusomwa tu: futa tarakimu zilizomo, andika 1260, bonyeza Enter, na duara litajinyoosha au kujikunja hadi lifikie mzingo huo huku kitovu kikibaki palepale. Kisanduku cha eneo kilicho jirani yake hufanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Ukipenda kupata jibu wakati amri bado inaendelea, pale unapoulizwa nusu kipenyo andika 'cal, ukianza na alama hiyo ya kinukta cha juu, kisha andika 1260/(2*pi). Programu inaifahamu pai kwa desimali nyingi kuliko utakazohitaji, nayo itachora duara lenye nusu kipenyo cha 200.5352. Jihadhari na jambo moja hapa: amri ya CIRCLE hutarajia nusu kipenyo usipoiambia vinginevyo, na mtu aliyegawanya kwa pai bila ile 2 hupata duara lenye upana maradufu, kosa ambalo huonekana wazi likiwa peke yake lakini hujificha vizuri ndani ya mchoro wenye maduara mengi.

Wanaotumia FreeCAD, programu nyingine ya kuchora, wana nafuu zaidi. Katika kisanduku cha kipimo cha nusu kipenyo unaweza kuanza na alama ya =, kisha katika dirisha linalofunguka uandike fomula 1260 mm / (2 * pi), nayo hubaki humo kama fomula. Kesho ukipima upya na kupata 1,262, utabadilisha namba hiyo moja na duara litafuata.

Sasa turudi kwenye ile 0.41. Ni zao la makosa mawili yaliyovutana. Kutumia 3.14 badala ya pai (6.28 yako ni mara mbili ya 3.14) kulikupa 200.637, yaani zaidi ya nusu kipenyo cha kweli kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita; kisha ulipokata desimali ukaandika 200.6, ukapunguza kidogo kile ulichokuwa umezidisha. (Ile 22 kwa 7 ya darasani, ambayo watu huidharau, iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14.) Kwa nguzo yako tofauti hiyo ni ndogo, kwani kwenye kipenyo ni milimita 0.13 tu, lakini hukua pamoja na kitu kinachochorwa: tangi lenye mzingo wa milimita 31,416 litapata kipenyo kilichozidi kwa milimita 5 kwa sababu ya 3.14 peke yake.

Hata hivyo, kama ningekuwa mahali pako, wasiwasi wangu ungekuwa kwenye tepu kuliko kwenye kompyuta. Tepu ina unene, na ikizungushwa kwenye nguzo husoma mzingo wa mstari unaopita katikati ya unene huo, si wa uso wa nguzo. Kwa hiyo ukigawanya usomaji wako kwa pai, toa unene mmoja wa tepu ndipo upate kipenyo cha kweli. Tepu ya chuma yenye unene wa milimita 0.2 hukudanganya kwa 0.2 hiyohiyo, ambayo imeizidi ile 0.13 iliyokuhangaisha. Tepu kukaa mshazari nako huongeza usomaji, ingawa si kwa kiasi ambacho watu hudhani: ikiwa mwisho wake umepishana na mwanzo kwa milimita 20, nguzo yako itasomeka imezidi kwa milimita 0.16 tu. Rangi iliyovimba au uchafu chini ya tepu hudhuru zaidi.

Tena mzingo haukuambii kama nguzo ni duara kweli. Nguzo iliyobonyea kidogo inaweza kuwa na mzingo wa 1,260 vilevile na pete yako isiingie. Chukua kalipa kubwa, yaani kipimio chenye taya mbili, au mbao mbili zilizonyooka zinazobana nguzo pande mbili zikiwa sambamba, upime upana kwa pande tatu au nne. Vipimo vikitofautiana, pete ichorwe kwa vipande viwili vyenye nafasi ya kukaza kwa bolti, wala usitafute desimali zaidi.

SWALI: Nami nina tatizo linalofanana na hilo. Nataka tao lenye nusu kipenyo cha milimita 300 na urefu wa 450 ukifuata mpindo. Nimetumia chaguo la urefu ndani ya amri ya ARC lakini tao linatoka refu kuliko nilivyoagiza. Je, programu ina hitilafu?

JIBU: Programu haina hitilafu. Urefu unaoulizwa hapo ni wa gumio, yaani mstari ulionyooka kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine, na gumio la 450 kwenye nusu kipenyo cha 300 hubeba tao la takriban 509. Njia fupi ni kuchora tao lolote lenye nusu kipenyo cha 300, kisha kutumia amri ya LENGTHEN, kuchagua «Total», kuandika 450 na kubofya karibu na ncha unayotaka isogee. Anayependelea pembe agawanye urefu kwa nusu kipenyo, azidishe kwa 180, agawanye kwa pai. Kwa vipimo vyako ni nyuzi 85.9437. Ukimaliza, kagua kwa amri ya DIMARC, maana hiyo hupima urefu wa tao wenyewe na si gumio lake.